Motokari ya gramu, balansi ya uongo



Jioni, watu wakitoka kwenye mashimo ya Rubaya, kuko kitu kimoja vijana wetu wanafanya mbele hata ya kunawa matope. Wanazunguka simu moja, ile yenye kioo kilichopasuka, na wanaangalia video za motokari. Si Hilux, si Land Cruiser za mashirika. Ni Lamborghini, gari ya Italia, chini kabisa kama mtu aliyelala kifudifudi. Inanguruma, inaruka, inapotea. Vijana wanapiga kelele sawa vile mumoja wao njo ameshika usukani.

Siku moja kijana wa timu yetu alituuliza: « Bakubwa, hii motokari inakimbiaka namna gani vile? Na jiwe yetu iko inafanya nini mule ndani? » Wengine walicheka. Sisi wa sendika hatukucheka, juu hatukuwa na jibu. Miaka mingi tunasimama mbele ya watu na kusema kwamba koltani na kasiterite yetu inaenda kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye magari ya wazungu. Lakini ikifika huko inafanya kazi gani? Tulikuwa tunasema kama kasuku.

Basi tuliuliza. Tulisoma. Tulikaa na fundi wa radio akatufungulia kadi ya kompyuta ya gari iliyokufa, akatuonyesha kidole kwa kidole. Leo tunawaandikia kile tulichokipata, na kwa nini kinatuhusu sisi tunaochimba Masisi na Walikale, na hata watoto wetu wanaongoja minervali.

Gari tuliyoichukua kama mfano inaitwa Revuelto. Kampuni ya Lamborghini iliionyesha Machi 2023, mwaka iliotimiza miaka 60. Kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa, inatumia sekunde 2,5. Semeni pole pole: « Jambo mama, mumeamkaje? » Mukimaliza tu, gari imeshafika 100. Kisha inaendelea mpaka inapita 350 kwa saa. Kutoka Goma mpaka Sake, kilomita kama 25, ingetumia chini ya dakika tano, kama barabara ingekubali. Barabara haikubali, na tutarudi hapo.

Nguvu ile inatoka wapi? Kwanza kuko injini ya petroli. Iko na silinda 12, sita upande huu, sita upande ule, zimepangwa kama herufi V. Pikipiki ya motari wa kwetu mara nyingi ni ya cc 125. Injini hii iko na karibu cc 6 500, kwa hiyo ni kama pikipiki 52 zimefungwa pamoja. Inatoa farasi 825 pale inapozunguka mara 9 250 kwa dakika moja. Pigeni hesabu: kila sekunde moja, kila pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 150. Na injini yote inapima kilo 218. Chukudu nzuri ya Masisi inabeba mzigo ule na mwenyewe anapiga mluzi.

Lakini injini ya petroli iko na kasoro yake. Inataka kwanza izunguke mbio njo itoe nguvu yote. Mota ya umeme haingoji: unaigusa, inasukuma papo hapo. Kwa hiyo mainjenieri waliongeza mota tatu za umeme. Mbili ziko mbele, kila moja na gurudumu lake. Ya tatu iko nyuma pamoja na giabox. Zote pamoja na injini zinatoa farasi 1 015. Gari ikiingia kwenye kona, mota za mbele zinaweza kupa gurudumu la nje nguvu zaidi kuliko la ndani, ili gari igeuke bila kuteleza. Dereva hafanyi kazi hiyo. Inafanywa na kompyuta ndogo zilizofichwa ndani, ambazo zinasoma mwendo wa kila gurudumu mara nyingi kwa sekunde moja, na kuamua.

Tena kuko uzito. Mwili wa gari umeundwa na nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, kitu chepesi kuliko chuma na kigumu sana. Bila mafuta wala maji, gari yote inapima kilo 1 772. Mainjenieri wanagombania kila gramu, juu kila kilo inayozidi inapaswa kusukumwa wakati wa kuondoka, kushikwa kwenye kona, na kusimamishwa kwenye freni. Hakuna bulo moja, hakuna waya mumoja, ambao haukupimwa na kuandikwa mahali.

Tulipofika hapo kwenye kusoma, tulisimama. Mutaelewa kwa nini.

Sasa jiwe letu. Fundi wa radio alitupa mfano ambao hatutausahau. Alisema: « Mama nyumbani hawezi kukimbia mtoni kila wakati sufuria inataka maji. Anaweka bidoni karibu na jiko. » Ndani ya kompyuta ya gari, kuko vidude vidogo kuliko punje ya mchele vinavyoitwa kondensateri. Kazi yao ni ile ya bidoni: vinaweka umeme kidogo karibu kabisa na akili ya kompyuta, ili ikiuhitaji kwa gafla uwe tayari pale pale. Pasipo hivyo, umeme unayumba na akili inakosea.

Kuko kondensateri za aina mingi. Zile za tantali zinapendwa mahali ambapo nafasi ni ndogo, joto ni kali, na kosa haliruhusiwi. Unga wa tantali unafunikwa na ngozi nyembamba sana ya kutu yake, na ngozi ile inafanya kipande kidogo kishike umeme mwingi. Tantali haili kutu ovyo, na inayeyuka tu ikipita digri 3 000. Njo maana watu wanaiweka kwenye kompyuta ya injini, kwenye freni zinazozuia gurudumu kuteleza, na kwenye ile mifuko ya hewa inayofunguka mbele ya dereva wakati wa ajali. Tantali inatoka kwenye koltani.

Na kasiterite ya Walikale inatoa bati. Bati inayeyuka kwa digri 232 tu, hata kwenye jiko la makala inawezekana. Kwa sababu hiyo inatumiwa kama gundi: kila kidude kwenye kadi ya kompyuta kinashikwa na tone la bati. Tangu Ulaya ilipokataza risasi kwenye vifaa vingi vya umeme mwaka 2006, gundi ile katika vifaa vingi imekuwa karibu bati tupu. Toeni bati, na kompyuta za ile gari zinabaki vumbi la vidude lisiloshikana.

Tuseme ukweli, juu sendika ikidanganya mara moja haisadikiwi tena. Hakuna mtu anayeweza kushika kondensateri moja ya Lamborghini na kusema « hii ilitoka kwa shimo ya fulani Rubaya ». Jiwe likitoka kwetu linaenda kwenye viwanda vya kuyeyusha, mingi iko Asia, na huko linachanganywa na mawe ya inchi zingine. Likishayeyuka, halina tena jina. Lakini hesabu iko. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Na Bisie, ile ya Walikale, mgodi wa kampuni ya Alphamin ulitoa tani 17 324 za bati mwaka 2024, karibu asilimia 6 ya bati inayochimbwa duniani. Machi 2025, vita ilipokaribia na kazi ikasimamishwa, bei ya bati ilipanda mpaka kwenye soko la London. Walikale ikikohoa, London inashika kifua. Mtu asituambie tena kwamba sisi ni watu wa pembeni.

Kwa hiyo, kijana wetu, jibu lako ni hili: jiwe lako linafanya gari isipoteze akili, na linasaidia kumukinga dereva siku ya ajali. Linafungua mufuko mbele ya uso wake kabla hajafumba jicho. Sisi, kule chini ya shimo, mvua ikinyesha na kilima kikishuka, ni kitu gani kinafunguka mbele ya uso wetu? Miti ya mikaratusi tuliyosimika wenyewe, kama PDG wa shimo alikubali kuinunua. Wazee walisema: mfinyanzi hulia gaeni.

Turudi sasa kwenye barabara. Kampuni ileile iliwahi kuunda gari kwa ajili ya njia ya vumbi, inaitwa Huracán Sterrato. Iliinuliwa milimita 44 zaidi ya ndugu yake ya lami. Sentimeta nne na nusu hazitimii! Dereva yeyote wa Fuso anayepanda kutoka Sake kwenda Masisi wakati wa mvua anaweza kuwapeleka wale mainjenieri kwenye shimo moja la barabara ambamo gari yao itaingia na mlango wake.

Na Walikale ndiko kuna kichekesho kikubwa zaidi, ambacho hakichekeshi. Wengi wetu tulibeba Bisie wakati ule, mbele ya kampuni. Kilo 50 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, siku mbili msituni mpaka Njingala, na kila kizuizi kina mtu wa bunduki anayedai yake. Kutoka hapo mizigo ilipelekwa Kilambo. Kilambo kuko kipande cha lami kilichonyooka, na ndege ndogo zilikuwa zinatua pale, barabarani, zinapakia kasiterite na kuruka kwenda Goma. Fikirini: pahali pamoja pa Walikale ambapo ile Lamborghini ingeweza kukimbia kidogo, njo pale mali yetu ilipokuwa inapandia ndege. Lami ilikuwako. Ilikuwa ya jiwe. Mama mjamuzito alipita kwa tipoyi.

Tusije tukafikiri pia kwamba akili ya kuunda iko Italia tu. Angalieni chukudu. Hakuna petroli, hakuna umeme, hakuna injenieri mwenye diploma. Mti mgumu, magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira wa gurudumu la zamani, rulema, na kipande cha mpira nyuma cha kukanyaga kama freni. Kijana anashuka milima ya Masisi na magunia ya viazi na makala, mlima njo injini yake. Anajua kona, anajua uzito uwekwe wapi ili asipinduke. Hiyo ni hesabu ile ile ya Lamborghini. Goma ilimusimamishia mtu wa chukudu sanamu ya rangi ya zahabu kwenye rond-point. Sanamu tunaishukuru. Lakini mtu wa chukudu na mchimbaji hawali sanamu.

Wandugu, sasa tufike kwenye lile jambo lililotusimamisha.

Kwenye kile kiwanda cha Italia, gramu inahesabiwa. Kwetu, kilo inapotea mchana, watu wanaangalia. Tunawaelezea kitu tulichokifanya wenyewe. Tulikuwa tumechoka na malalamiko: timu inapima nyumbani 40, kwa mnunuzi inasoma 34. Mnunuzi anasema ni maji, ni mchanga, ni vumbi. Hatukuwa na balansi nyingine ya kumujibu. Mama mumoja anayesafisha koltani pale mtoni njo alitupa akili. Alisema: « Munatafuta balansi ya nini? Maji haidanganyake. Litre moja ni kilo moja. »

Tulichukua bidoni ya njano, ile ya litre 20 kila nyumba iko nayo, tukaijaza mpaka shingoni. Maji peke yake ni kilo 20, na bidoni yenyewe iko na uzito wake juu. Kwa hiyo balansi ya kweli haiwezi kusoma chini ya 20. Tuliiweka kwa mnunuzi mumoja, jina lake tunalifunika. Balansi ilisoma 17. Alicheka, akasema bidoni yetu inatoboka. Mama akasema: « Basi weka ya pili. » Ya pili ikasoma 17. Watu walikuwa wamejaa pale mulangoni, hakuna aliyesema neno.

Kilo tatu kwa ishirini! Ni kusema kila mara timu inaleta kilo 100, kilo 15 zinakwenda bure. Hesabuni kwa mwezi. Hesabuni ni minervali ya watoto wangapi, ni siku ngapi za dispansari.

Tuwaambie pia mwisho wake, juu hatuandiki hadisi tamu. Kesho yake balansi ilibadilishwa, ikasoma sawa. Na bei ya kilo ikashuka. Alichokuwa anachukua kwa balansi, alikichukua kwa bei. Mnunuzi alisema bei imeshuka kwa sababu koltani yetu haina asilimia nzuri. Asilimia ile nani aliiona? Koltani inalipwa kulingana na tantali iliyo ndani, na kuko mashine za kuisoma, makontwari ya Goma wanazo. Lakini karatasi ya matokeo haishuki mlima kuja kwa mchimbaji. Tukaelewa kwamba uwizi iko na vyumba viwili: chumba cha kilo na chumba cha asilimia. Ukifunga mlango mumoja, mwizi anapita mwingine.

Wakubwa wa bunduki wamebadilika mara mingi kwetu. Tangu mwisho wa Aprili 2024, Rubaya iko chini ya M23. Mbele yao kulikuwa wengine, na mbele ya wale wengine kulikuwa wengine. Kila anayeingia analeta kodi yake. Balansi inabaki ileile.

Kuko watakaotuambia: « Sendika inaona wivu ya motokari ya matajiri. » Hapana. Gari ile ni kazi nzuri ya mikono na akili, na sisi watu wa kazi ya mikono tunaheshimu kazi nzuri. Mwenye kuanzisha ile kampuni, Ferruccio Lamborghini, alikuwa mtoto wa wakulima. Kisha Vita ya Pili alichukua vyuma vya magari ya jeshi yaliyoachwa, akaunda trakta za kulimia. Trakta njo zilimupa pesa ya kuanza motokari mwaka 1963. Tungefurahi vyuma vya vita vya kwetu vigeuke trakta siku moja.

Lakini kuko jambo vijana wetu hawaoni kwenye video, na sisi tuliliona. Desemba 2023, wafanyakazi wa kile kiwanda, kupitia sendika zao FIOM-CGIL na FIM-CISL, walisaini mapatano na Lamborghini. Wale wanaofanya kazi kwa zamu mbili watafanya juma moja siku tano, juma linalofuata siku nne: siku 22 za mapumuziko zaidi kwa mwaka. Wale wa zamu tatu, siku 31 zaidi. Mshahara haukupunguzwa. Na kampuni haikufa: mwaka uliofuata, 2024, iliuza tena magari zaidi ya 10 000. Someni vizuri: watu wanaounda motokari ya mbio sana walipata kupumuzika zaidi, juu walisimama pamoja na waliweka mambo kwenye karatasi.

Vijana, pahali pa kuangalia moshi wa nyuma, angalieni ile karatasi.

Wengine watasema kwa woga: « Mukipiga kelele, wazungu watakataa jiwe yetu, tutalala njaa sawa 2010. » Woga huo tunauelewa, na tunauheshimu. Mwaka 2010 Marekani ilitoa sheria juu ya madini ya vita, na mwezi wa Septemba raisi Kabila akafunga uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Tulikuwako. Watoto walitolewa shuleni, wamama waliuza masufuria, na wenye bunduki waliendelea kuchimba usiku. Tena mwaka 2021 Ulaya ilianza kutumia sheria yake. Kwa ajili ya sheria zile magunia yanavikwa etiketi yenye namba. Kwa hiyo gunia liko na namba. Mchimbaji hana namba, na hakuna etiketi inayosema alilipwa kilo ngapi.

Sisi hatuombi mufunge soko. Kufunga ni kutuua pole pole. Hatuombi hata kwamba tajiri wa Italia asiendeshe gari yake. Tunaomba kipimo. Watu wanaoweza kujua gramu ya kila bulo wanaweza kujua pia kama kilo ya mchimbaji ilikuwa kilo. Mnunuzi wa ngambo akiuliza swali moja tu, « karatasi ya balansi iko wapi? », swali lile litashuka kiwandani, litashuka kontwari, litashuka mpaka mulangoni pa mnunuzi wa Rubaya na wa Walikale. Lakini lisipoulizwa huko, tutaliuliza sisi hapa.

Hivi njo tunavyopendekeza, na hakuna hata kimoja kinachongojea Kinshasa wala Roma.

Ya kwanza, bidoni. Kila siku ya soko, mbele ya kupima gunia la kwanza, bidoni ya litre 20 iliyojaa iwekwe kwenye balansi, watu wote wakiona. Ikisoma chini ya 20, hakuna gunia linaloingia. Isiwe kijana mumoja peke yake, watamupiga. Iwe timu zote pamoja, na wamama mbele, juu wamama wanaheshimiwa.

Ya pili, kikaratasi. Kila anayeuza apewe kipande cha karatasi: tarehe, kilo, asilimia, bei, sinyatiri ya mnunuzi. Kopi moja ibaki kwa timu. Asiyejua kusoma, mtoto wake anayesoma atamusomea. Tukikusanya vikaratasi vya mwezi mmoja kutoka kwa wanunuzi kumi, tutaona nani anasema bongo. Karatasi moja ni malalamiko, karatasi mia ni ushahidi.

Ya tatu, mti na hewa. Kwa kila mzigo unaouzwa, kitu kidogo kiwekwe kwenye sanduku la shimo, kwa ajili ya miti ya kusimika na mashine ya kupeleka hewa chini. PDG aweke, timu iweke, mnunuzi aweke. Funguo tatu, watu watatu, mumoja awe mwanamuke. Wakati wa mvua kubwa, komite ile iwe na haki ya kusema « leo hatuingii », na asiyeingia asifukuzwe.

Tunajua haitakuwa nyepesi. Kuko wanunuzi watakaohama upande wa pili wa kilima. Kuko PDG atakayesema tunamuvunjia heshima. Kuko mwenye bunduki atakayeuliza sendika ilipewa ruhusa na nani. Tutamujibu kwamba tunapima maji, na kupima maji hakujakatazwa na mtu.

Kwa yule kijana aliyetuuliza swali: asante. Tulidhani unapoteza wakati na video, kumbe ulitufungua macho. Endelea kuangalia motokari yako. Lakini siku ya soko, mbele ya kubeba gunia, pita nyumbani na umuombe mama yako bidoni. Uijaze mpaka shingoni. Tutakungoja pale kwenye balansi.